Barua ya wazi kwa wanaopanda misitu: tuulizeni mbegu zimetoka kwa miti mingapi

Lubumbashi, Novemba

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira. Kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga. Kwa wakubwa wa ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira ya asili. Kwa wakurugenzi wa kampuni za madini ambazo sheria inawataka warudishe ardhi waliyoichimba. Na kwa wafadhili wote wanaotoa pesa za miche.

Waheshimiwa,

Hodi kwenu.

Mvua ya kwanza imenyesha, masuku, yale matunda ya msituni, yameanza kuonekana kwenye mabeseni ya akina mama wa Kisanga, na simu yangu imeanza kulia. Kila mwaka ni hivyo. Tarehe 5 Desemba inapokaribia, ile Siku ya Taifa ya Mti, watu hukumbuka kwamba kuna mama mmoja ana kitalu barabara ya Kasenga. Wanapiga, wanasalimia, kisha wanauliza maswali mawili: una miche mingapi, na mche mmoja bei gani? Nimelea miche kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikumbuki mnunuzi hata mmoja aliyeniuliza swali la tatu: mbegu zako, mama, umezitoa kwa miti mingapi?

Barua hii nzima ni kwa ajili ya swali hilo la tatu.

Naanza na kosa langu, maana siwezi kuwadai ninyi kitu ambacho sikujidai mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja uliniagiza miche ya mupapa, mingi na kwa haraka. Mupapa mnaujua: mti mkubwa, mbao zake nyekundu, ganda lake gumu kama ubao. Ukilipasua unakuta mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia ndogo ya rangi ya chungwa. Kuzipata kwa njia nzuri ni kutembea msituni tangu alfajiri hadi miguu ikatae. Mwaka ule sikuwa na muda wa kutembea. Kulikuwa na mupapa mmoja uliobaki katikati ya mashamba ya mahindi. Wazee walikataa usikatwe kwa sababu watu hupumzika kivulini mwake. Msitu uliouzunguka ulishaisha zamani, umeingia kwenye magunia ya makala, yaani mkaa, na kumalizikia kwenye mbabula, majiko ya mji. Chini ya mupapa ule mbegu zilitapakaa. Nilijaza mifuko miwili asubuhi moja, nikarudi nyumbani nikiimba.

Zikaota. Mnaolea miche mnajua furaha ya asubuhi ile, vichwa vinapoinua bulongo, yaani udongo, ndani ya sashe, vile vifuko vya plastiki. Lakini siku chache baadaye niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Baadhi ya miche ilikuwa myeupe. Sisemi ule umanjano wa mche uliokosa chakula. Ilikuwa myeupe kabisa kama bukari, shina jeupe, majani meupe yenye wekundu kidogo pembezoni. Karibu mmoja kwa kila mitano. Nikafikiri ni maji. Nikafikiri ni bulongo. Nikasogeza tuta, nikaongeza kivuli, nikakiondoa. Miche ile ilisimama majuma machache ikila akiba iliyokuwa ndani ya mbegu, kisha ikalala chini mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu mmoja wa kilimo, mtu mtaratibu, alipita kununua mipapai. Aliona yale matuta akasimama. "Mama, mbegu hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia. "Na mti huo una mwenzake karibu?" Nikasema hapana, uko peke yake. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kunichorea chini.

Kila mti, alisema, unapokea urithi wake nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ubovu mwingi hujificha humo. Ukirithi nakala mbovu upande mmoja na nakala nzima upande wa pili, ile nzima inabeba kazi yote na hakuna atakayejua. Lakini mti ulioachwa peke yake, wadudu wanatoka ua hadi ua la mti uleule, na mti unakuwa mama na baba kwa wakati mmoja. Hapo nakala mbili mbovu zinakutana, kwa wastani mara moja katika kila nne, na mche unazaliwa bila uwezo wa kutengeneza ule ukijani unaoulisha.

Nikamwuliza, "Na hii ya kijani?"

"Hiyo ya kijani ni ndugu wa hiyo myeupe, mama. Mingi imebeba ubovu uleule. Haujaonekana tu."

Waheshimiwa, niliiuza. Nilitupa myeupe, nikapanga ya kijani vizuri kwenye gari, nikapokea pesa yangu, na ile miche yote ya tumbo moja ikapandwa mteremko mmoja, ndugu kando ya ndugu. Siku itakapotoa maua, ndugu atachavusha ndugu. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema. Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka moyoni.

Hakuna mama wa Katanga anayelima mahindi ya kienyeji akachagua hindi moja tu, hata liwe limejaa namna gani, akalipukuchua na kupanda shamba zima kwa hilo. Tunachagua mahindi mengi, ya mashina mengi, tunayatundika juu ya moshi jikoni. Tumefundishwa na bibi zetu bila neno "vinasaba" kutajwa. Ajabu ni kwamba kwa zao la miezi minne tunakuwa na uangalifu huo, na kwa mti utakaosimama miaka mia tunaokota chochote kilichoanguka karibu na barabara.

Baadaye nililiona jambo hilihili mahali ambapo sikulitarajia: baharini. Nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kufuata vitenge, ile safari tunayoijua ya Kasumbalesa, Tunduma, hadi pwani. Wenyeji wangu walinipeleka Kunduchi kuona mikoko. Sisi watu wa bara tunasema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Mzee mvuvi alinihesabia kwa vidole: mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui; mchu, unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka matopeni; mkandaa; msinzi; mlilana, unaosimama mbele kabisa kukabili mawimbi; mkomafi, wenye tunda kama mpira. Kila mmoja una mahali pake kulingana na chumvi na kupwa kwa maji.

Mkoko hauangushi mbegu kama mupapa. Mbegu yake inaota ikiwa bado juu kwa mama, inarefuka kuwa kijiti cha kijani, kisha inadondoka na kusimama matopeni. Ndiyo sababu wapandaji wengi wanaupenda kuliko wenzake: hauhitaji kitalu wala sashe, unaokota kijiti na kukichomeka. Vijana niliowakuta wakijaza magunia walikuwa wamekaa chini ya miti miwili tu. Pale ndipo vijiti vilipojaa, na kivuli kilikuwa kizuri. Niliwaelewa sana. Niliona ni mimi, chini ya mupapa wangu.

Niliporudi nilianza kutafuta vya kusoma. Nikajifunza kwamba yale niliyoyaona kwenye sashe zangu, wanasayansi wa mikoko wameyaona wazi juu ya miti. Aina moja, Rhizophora mangle, inayoota pande zote mbili za Atlantiki, ina miti ambayo inaning'iniza vijiti vya kijani pamoja na vingine vya njano au vyekundu visivyo na ukijani wowote, kwa uwiano unaokaribia vitatu kwa kimoja. Kwa kuhesabu vijiti hivyo watafiti wameweza kujua ni kwa kiasi gani mikoko hiyo inajichavusha yenyewe, na kiasi chenyewe ni kikubwa. Kwa hiyo kwa mikoko hatari ni mara mbili: mti wenyewe una mazoea ya kujizalia, halafu mpandaji naye anakuja na gunia lake chini ya mti mmoja.

Nasema haya nikijua kwamba nchi yetu nayo ina mikoko. Iko Muanda, mlangoni mwa mto Kongo, katika hifadhi iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 1996. Pwani yetu nzima haifiki kilomita 50. Ni kipande kidogo, na kitu kidogo hupoteza utofauti wake upesi kuliko kikubwa. Wakubwa wa ICCN, mkiwa na mpango wa kupanda huko, msikubali vijiti vyote vitoke kwenye hori moja lililo karibu na gati. Wapeni watu mitumbwi wazunguke. Pia msikubali mtu awaletee vijiti kutoka pwani ya mbali kwa sababu ni rahisi kununua; mikoko ya mlango wa mto mkubwa, ambako maji matamu yanasukuma chumvi kila siku, imezoea maisha yake.

Kuna watu wataniambia: mama, tupande kwanza, hayo ya ukoo tutayaangalia baadaye. Nawajibu kwa mifano miwili ya mbali.

Wa kwanza ni Sri Lanka. Baada ya tsunami ya 2004 watu wengi walipanda mikoko huko. Watafiti walichunguza maeneo 23 yaliyopandwa, jumla yake kati ya hekta 1,000 na 1,200. Hekta zilizokuwa na msitu hai zilikuwa kama 200 hivi, na maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja. Huko kosa kubwa lilikuwa mahali na aina: mkoko ulichomekwa pasipo pake. Sisingizii ukoo. Nautaja mfano huu kwa sababu siku ya kupanda hekta zote zilihesabika kuwa zimepandwa, kama tunavyohesabu sisi hapa.

Wa pili unagusa mti ambao hapa Kongo tunaujua kwa jina la jumla la akasia. Katika miaka ya 1960 Acacia mangium ilipelekwa Sabah, nchini Malaysia, kwa mbegu za kutoka kwa miti michache mno ya Queensland, Australia. Ilikua kwa kasi ya ajabu, watu wakashangilia, wakachukua mbegu za miti hiyo wakapanda tena, kisha wakachukua za watoto wake. Vizazi vilivyofuata vikawa vinyonge kuliko vile vya kwanza. Ilibidi warudi kutafuta mbegu mpya katika misitu ya asili. Naomba mlitazame hilo kwa makini, kwa maana ndiyo tabia ya ubovu huu: mwaka wa kwanza unapiga picha nzuri. Mche wa tumbo moja unaweza kuota vizuri kabisa na ripoti ikapita. Deni wanalipa wanaokuja.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye msitu wetu wa miombo, kwa sababu huku ndiko nina haki ya kupaza sauti.

Muputu na mutondo, hiyo miti inayobeba msitu wetu mabegani, haitupi mbegu zake mbali. Ganda linakauka mwishoni mwa kiangazi, linapasuka kwa mlio, na mbegu inaruka hatua chache tu. Haina mabawa, na haingoji ardhini miaka mingi ikisubiri bahati. Ukifyeka eneo kubwa na kung'oa visiki, msitu hauwezi kurudi wenyewe kutoka mbali kwa upesi. Lakini ukiacha visiki, vinachipua, na kila kisiki ni mti tofauti, wenye baba na mama yake. Kwa hiyo kabla hamjaninunulia mche mmoja, nawaomba mlinde visiki. Najua naharibu biashara yangu kwa kusema hivyo. Eneo lenye visiki hai, mkilizuia moto wa mwisho wa kiangazi na mkulima asilipindue kwa jembe kila mwaka, linawarudishia utofauti ambao kitalu changu hakitafikia kamwe. Linarudisha na bowa, yaani uyoga, wanaoishi kwenye mizizi ya miti hiyo, ambao watoto wetu huwauza kando ya barabara mvua zikichanganya.

Masuku yana somo lake peke yake. Mti wa masuku una dume na jike: mmoja hutoa maua ya kiume tu na hauzai maisha yake yote, mwingine ndio unaotupa matunda. Nimeshuhudia kijiji ambako waliita yale madume "tasa" na kuyakata kwa makala, wakiacha majike wakiamini wamefanya hesabu nzuri. Jike lisilo na dume jirani litapata chavua wapi? Na leo kuna watu wanafundisha kupandikiza masuku kwa vikonyo, vitawi vinavyokatwa kwenye mti mwingine, ili yazae mapema. Ni ujuzi mzuri na nauheshimu. Lakini vikonyo vyote vikitoka kwenye mti mmoja mtamu, shamba zima ni mti mmoja uliorudiwa mara mia, wa jinsia moja, wenye udhaifu mmoja. Wakulima wa muhogo wanaelewa neno hili, maana wanapanda kwa vipande vya shina. Wanajua ugonjwa wa batobato ukiingia shamba la aina moja hauchagui.

Halafu mukula, mti wa mbao nyekundu. Hapa naandika kwa uchungu. Tuliona malori. Kilichokatwa kwanza ni mikubwa, iliyonyooka, yenye afya. Iliyopinda na iliyodumaa iliachwa kwa sababu haina soko. Tangu 2019 mukula umewekwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hilo ni jema, lakini fikirini nani anazaa sasa. Kama mfugaji angechinja madume na mitamba yake bora kila mwaka na kubaki na vilema, baada ya miaka thelathini angelaumu majani? Ndivyo tulivyoufanyia mukula. Mbegu ninazoletewa leo zinatoka kwa miti ambayo mkataji aliidharau. Bado kuna mikubwa iliyojificha kwenye mabonde, katika ardhi za machifu wachache wenye msimamo. Ihesabiwe na kupigwa alama ya rangi, na chifu alipwe kila mwaka kwa kuisimamisha, kwa mbegu zake. Mti mama ulio hai ni mali kuliko gogo, ila hakuna aliyewahi kumlipa chifu kwa mti uliosimama.

Na ninyi wa kampuni za madini. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawataka mtengeneze mahali mlipochimba. Mnakuja kwetu kununua miche, tunashukuru, ni kazi. Lakini ardhi yenu ina shaba na kobalti, si kila damu inaivumilia. Huko Wales, katika karne iliyopita, mtaalamu Anthony Bradshaw alionyesha kwamba nyasi za aina moja zina tabia mbili: zilizotoka kwenye kifusi cha mgodi ziliishi katika udongo wenye madini, na zilizotoka malisho ya jirani zilikufa. Jina ni moja, sura ni moja, urithi ni tofauti. Sisi tumezaliwa juu ya vilima vya shaba. Mimea yetu imekuwa ikijifunza hapa tangu kabla ya mtu yeyote kuwasha tanuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishajaribu kufunika bulongo uliochafuliwa kule Penga Penga kwa Microchloa altera, nyasi inayoota kwenye vilima hivyo. Kwa nini basi mnaagiza miche ya shehena moja kutoka mbali? Kusanyeni mbegu pembezoni mwa migodi yenu kabla tingatinga halijapita. Baada ya kupita hakuna cha kukusanya.

Nchi yetu iliahidi katika AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurudisha misitu, kurudisha hekta milioni 8. Ilitangaza pia mpango wa miti bilioni moja kupitia bustani za shule. Sidharau ahadi hizo. Mtoto anayepanda mti shuleni amefanya jambo kubwa. Lakini hesabu hizo zote ni hesabu za miche, na mkataba unaolipa kwa mche unamfundisha mwenye kitalu kufanya nilichofanya mimi. Nitawaeleza kwa nini. Kukusanya mbegu chini ya mti mmoja ni kazi ya asubuhi. Kukusanya kwa miti thelathini ni majuma: baiskeli, mtu wa kupanda juu, salamu kwa kila chifu, unga wa njiani, na siku nyingine unarudi mikono mitupu kwa sababu nyani na moto vimekutangulia. Bei ya mche ni ileile. Aliyefanya vibaya anapata zabuni kwa kuwa amekuwa rahisi, aliyefanya vizuri anabaki na miche yake inazeeka kwenye sashe, mizizi inajizungusha chini.

Naomba, basi, mkataba ubadilike. Anayeuza miche aonyeshe daftari. Kanuni inayojulikana kwa wakusanya mbegu ni angalau miti mama 30, ikiwezekana 50, iliyoachana mita 50 hadi 100 ili isiwe ya tumbo moja. Langu mimi liko hivi: kila mti mama una namba. Naandika kijiji, njia ya kufika, unene wa shina niliopima kwa kamba, tarehe, na hatua nilizotembea kutoka mti uliotangulia. Mbegu za kila mti zinakaa mfuko wake. Siku ya kupanda kitaluni nachukua vikombe sawasawa kutoka kila mfuko, nachanganya kwenye beseni, ndipo natia kwenye sashe. Vikombe sawasawa, nasisitiza, kwa sababu mti mmoja wenye mbegu nyingi unaweza kuwameza wenzake wote na daftari likasema 30 wakati shamba linasema 3. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji kalamu, miguu, na mnunuzi anayekubali kulipa zaidi kidogo kwa ajili yake.

SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, tayari inajua kuandikia mfuko wa mbegu za mahindi cheti chenye asili yake. Ipewe watu na usafiri ifanye vivyo hivyo kwa mbegu za miti. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo Kipopo, mlangoni mwa mji huu. Chuo Kikuu kina kitivo cha kilimo chenye vijana wanaotafuta kazi ya kumaliza masomo. Wapelekeni wapime ukoo wa miche tuliyokwisha kupanda, na waanze na ule mteremko wangu. Nitawaonyesha mahali. Wakikuta ni ndugu watupu, basi kati ya mistari ipandwe mingine ya mama tofauti kabla haijafikia umri wa maua. Bado kuna nafasi ya kurekebisha, kwa kuwa mupapa hauna haraka.

Na hesabu ya mwisho ifanywe mwaka wa tatu, si siku ya sherehe. Mlipeni mtu sehemu ya pesa anapokabidhi, nyingine baada ya kiangazi cha tatu, kwa miche inayopumua. Nitakuwa wa kwanza kusaini.

Wasaidizi wenu watakaosoma barua hii kabla yenu watasema huyu mama anataka bei ipande. Ni kweli, nataka ipande. Nataka pia iwe na sababu ambayo mnunuzi anaweza kuifungua na kuisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka huu nina mulombwa wa miti mama 34. Nina mukula wa miti 30, tisa kati yake mikubwa ya kweli, ambayo chifu wake aliniruhusu baada ya mazungumzo ya siku mbili. Nina mupapa wa miti 11. Nilitafuta kiangazi chote na sikupata zaidi, kwa hiyo nimeandika 11 na nitauuza kama wa miti 11, kwa atakayekubali kuuchanganya na wa kitalu kingine. Masuku nimekataa kuyauza mwaka huu. Mbegu zake hazikai, na zile nilizopata zilitoka kwa majike manne tu ya bonde moja.

Daftari liko juu ya meza, chini ya mwembe, penye kivuli. Atakayekuja kabla ya tarehe 5 Desemba aliombe hilo kwanza, ndipo tuongee bei.

Kwa heshima kubwa,

Mama wa kitalu, barabara ya Kasenga, Lubumbashi